MADRASA ZIKO TUPU ASUBUHI: WAISLAMU WA LUKOZI TUNAMNGOJA NANI?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, toleo hili linazungumzia jambo ambalo halisikiki mara kwa mara juu ya mimbari zetu, nalo ni malezi na elimu ya mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, na hasa swali la nani agharimie. Tunalizungumza kwa kuitazama Lukozi, mji mdogo wa soko katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Hatuitazami Lukozi kwa kuwa ni mbaya kuliko kwingine. Tunaitazama kwa kuwa inacho kila kinachohitajika. Ina misikiti, ina madrasa, ina ardhi inayotoa mazao kiangazi na masika, na ina soko linalojaza malori ya mboga. Pamoja na neema zote hizo, watoto wadogo wa watu maskini katika vitongoji vyake wanazurura asubuhi nzima, ilhali chumba cha madrasa kimefungwa kufuli hadi alasiri.

Hoja yetu ni moja, na tunaitanguliza ili msomaji asihangaike kuitafuta. Kituo cha watoto wadogo katika kitongoji cha maskini ni wajibu wa waumini wa msikiti wa hapo. Fedha zake zipo, nazo zinateremka mlima ndani ya magunia ya kabichi na viazi. Kinachokosekana ni utaratibu na uaminifu, na hayo mawili hayaletwi na mfadhili yeyote kutoka ng'ambo.

MTOTO TUNAYEMZUNGUMZIA

Kwanza tumtazame mtoto mwenyewe. Baba yake hana shamba bondeni. Analima bustani ya mwingine kwa ujira wa siku, au anapakia magunia ya lumbesa kwenye malori. Mama yake anachuma njegere, anaosha karoti, anabeba mzigo kichwani kutoka mabondeni hadi sokoni. Wazazi hawa hutoka nyumbani ukungu haujapanda. Mtoto hubaki na dada yake wa miaka minane au tisa, ambaye siku ya gulio hukosa shule ili alee. Au hufungwa mgongoni na kupelekwa shambani, akalazwa kwenye kanga kando ya matuta yaliyopuliziwa dawa ya wadudu asubuhi ile ile.

Mtoto huyu anazungumza Kishambaa nyumbani, na hakuna ubaya katika hilo, kwani ni lugha ya wazee wake. Lakini siku anapoingia darasa la kwanza anakutana kwa mara moja na Kiswahili, na kalamu, na daftari, na mwalimu asiyemjua. Pembeni yake ameketi mtoto wa mfanyabiashara, aliyepita miaka miwili katika chekechea ya kulipia. Huyu anajua kuhesabu, anajua nyimbo, anajua kuomba ruhusa. Baada ya miezi michache mmoja ataitwa hodari na mwingine ataitwa mzito. Je, Allah (S.W.) amemuumba yupi kati yao akiwa mzito? Wote wawili wamezaliwa juu ya fitra. Kilichowatenganisha ni mfuko wa baba, na sisi tuliokaa safu moja na baba huyo katika sala ya Ijumaa tumeridhika.

Kuna jambo jingine ambalo kila mtu wa Lushoto analijua, ila hatupendi kulitaja. Mabinti wa milima hii, wengine wakiwa bado watoto, huteremka kwenda Tanga na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Huko huamka alfajiri kuwaogesha watoto wa wengine, kuwavisha sare na kuwapeleka chekechea. Binti ambaye hakupata chekechea, na ambaye mdogo wake aliyebaki Lukozi hana chekechea, ndiye anayemshika mkono mtoto wa mjini hadi mlangoni. Enyi wazee wa misikiti, jambo hili haliwasumbui nyoyo zenu?

SERIKALI IMEFIKA WAPI

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya serikali. Tuwe waadilifu, kwani uadilifu umeamrishwa hata kwa yule tunayemlalamikia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilielekeza kuwa shule za msingi ziwe na madarasa ya awali. Sera ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kuanzia Januari 2016 ada zimeondolewa katika shule za serikali, darasa la awali likiwemo. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, ikimlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ikitaka wazazi, jamii na taasisi washirikiane na serikali.

Hayo ni mema na hatuyakatai. Lakini darasa la awali la serikali humpokea mtoto anapokaribia darasa la kwanza. Miaka miwili inayotangulia, wa tatu na wa nne, ndiyo ambayo mama yuko shambani na mtoto yuko njiani. Isitoshe, shule huwa mbali na vitongoji vilivyotawanyika kwenye miteremko, na mguu wa mtoto wa miaka minne haupandi kilima kimoja na kushuka kingine katika baridi na tope la masika. Msikiti, kinyume chake, uko karibu. Wazee wetu walijenga misikiti mahali ambapo mtu anasikia adhana kwa sikio lake. Basi mahali adhana inapofika, na mtoto anafika.

"HATUNA UWEZO"

Kisingizio cha kwanza ni umaskini. Kila kamati ya msikiti ukiigusa kuhusu watoto hujibu: sisi ni wanyonge, hatuna uwezo. Lakini kamati hiyo hiyo ikitaka kupandisha mnara, fedha hupatikana. Ikitaka zulia jipya, hupatikana. Ikitaka kipaza sauti kikubwa kuliko cha msikiti jirani, hupatikana kabla ya Ijumaa ya pili. Hatusemi msikiti usitunzwe. Tunasema kwamba mnara haukuwa miongoni mwa mambo yaliyoujenga umma wa Madina, ilhali kuwafundisha watoto kulikuwamo. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijria, mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliachiwa kwa sharti kwamba kila mmoja awafundishe kuandika watoto kumi wa Madina. Umma ulikuwa na njaa, ulikuwa umezungukwa na maadui, na dirhamu za fidia zilihitajika sana. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) alikubali kusoma kwa watoto kuwe fidia.

Sasa tupige hesabu, kwani maneno matupu hayavunji mfupa. Chukua mfano wa msikiti wenye waumini 200 wa Ijumaa. Kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa wiki, pesa ambayo wengi wetu huimaliza kwa chai na andazi kabla jua halijapanda, msikiti unapata shilingi 200,000 kwa wiki, yaani shilingi 10,400,000 kwa mwaka. Walimu wawili wakilipwa shilingi 250,000 kila mmoja kwa mwezi, mwaka mzima wanachukua shilingi 6,000,000. Zinabaki shilingi 4,400,000. Ukizigawa kwa siku 200 za masomo, unapata shilingi 22,000 kila siku za unga wa uji, sukari, kuni na chaki. Hapo hatujamgusa tajiri yeyote, na hatujagusa zaka hata chembe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini anayemimina juu ya kibaba kilichotoboka ataendelea kulalamika kwamba hana unga.

ZAKA YA KABICHI

Tukifika kwenye zaka, tunafika kwenye jambo ambalo masheikh wetu wa milimani wanapaswa kulisema waziwazi. Katika Surat Al-An'aam, aya ya 141, tumeamrishwa kuitoa haki ya mazao siku ya kuyavuna. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tumeyarithi, zaka ya mazao ni katika vyakula vikuu vinavyohifadhika, kama mahindi na maharage, yakifika kiwango cha awsuq tano, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi huzikadiria kuwa kama kilo 650. Yakinyweshwa na mvua hutolewa sehemu ya kumi, na yakinyweshwa kwa gharama hutolewa nusu yake. Mboga hazimo.

Tazama basi matokeo yake Lukozi. Mzee mwenye shamba la mahindi la mvua, akipata magunia saba ya kilo mia mia, ana kilo 700, na anapaswa kutoa kilo 70. Jirani yake aliyevuna lori zima la kabichi, akauza, na akarudia kilimo hicho mara tatu kwa mwaka, anasema yeye hana zaka kwa kuwa kabichi ni mboga. Je, hii ndiyo hekima ya sharia, kwamba mwenye gunia atoe na mwenye lori asamehewe?

Imamu Abu Hanifa (Allah amrehemu) aliona kwamba kila kinachooteshwa na ardhi kwa kulimwa kina zaka, mboga zikiwemo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, aliipa nguvu rai hiyo katika kitabu chake Fiqh az-Zakat. Hatumlazimishi mtu ahame madhehebu yake. Lakini hata aliyeshikamana na Shafi hajapata pa kutokea, kwa sababu kabichi ikishauzwa imekuwa fedha. Fedha hiyo ikifika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni kama gramu 85, na ikatimiza mwaka mikononi mwake, ina zaka ya asilimia mbili na nusu. Na dalali na mfanyabiashara anayenunua mboga ili auze, mali yake ni mali ya biashara, nayo ina zaka kwa rai ya wanazuoni walio wengi. Kwa hiyo anayesema kabichi haina zaka anasema nusu ya fatwa, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye chakula cha maskini.

Tumewahi kukaa, sisi wa misikiti ya tarafa hii, tukaandika nani ana zaka, kiasi gani, na imekwenda wapi? Kila mtu hutoa kwa siri anachotaka kwa anayemtaka, noti mbili tatu mlangoni mwa mwezi wa Ramadhani, kisha tunashangaa kwa nini zaka haimwinui mtu.

ZAKA HAIJENGI UKUTA

Lakini tahadhari. Wapo wenye pupa ya kheri ambao wakisikia maneno haya watakimbilia kununua saruji kwa fedha za zaka. Hilo halijuzu kwa rai ya wanazuoni walio wengi wa madhehebu manne, ambao husema zaka ni lazima imilikishwe mwenye haki yake, na aya ya 60 ya Surat At-Tawba imekwisha kuyataja makundi manane ya wenye haki hiyo, fukara na maskini wakiwa wa kwanza. Wako wa zama hizi walioipanua njia ya Allah hadi ikaingiza shule, na khitilafu hiyo ipo, lakini hatuna haja ya kuingia katika shaka ilhali njia iliyo wazi ipo.

Njia yenyewe ni kugawa kazi. Zaka imlipie mtoto wa maskini: mchango wake wa mwezi, uji wake, sweta lake la baridi. Mali hiyo ni yake na mlezi wake anaipokea kwa niaba yake. Ama jengo, samani, na mshahara wa mwalimu wa kudumu, hivyo vinabebwa na sadaka na wakfu.

Na wakfu ndio msingi wa makala haya. Umar bin Al-Khattab (R.A.) alipopata ardhi Khaybar, mali ambayo hakuwahi kupata iliyo bora kuliko hiyo, alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri, naye akamwelekeza aizuie asili na atoe matunda yake. Ardhi haikuuzwa, haikurithiwa, haikutolewa zawadi, na maskini wakawa wanakula humo mwaka hadi mwaka. Uthman bin Affan (R.A.) alinunua kisima cha Ruma ili Waislamu wanywe bila kununua maji. Vyuo vikubwa vya umma huu viliendeshwa hivyo kwa karne nyingi, si kwa bahasha ya harambee. Mwanamke, Fatima al-Fihri, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa Al-Qarawiyyin mjini Fez mwaka 859, kwa mali aliyoirithi.

Lukozi inahitaji wakfu wa namna gani? Haihitaji ghorofa. Inahitaji shamba moja la bondeni lenye maji, mavuno yake yawe ya kituo. Inahitaji vibanda viwili au vitatu kando ya soko, kodi yake iwe mshahara wa mwalimu. Mwenye mashamba matano hatafilisika kwa kuweka wakfu robo ya moja. Akifa, thawabu zitamfuata kila siku mtoto anapofungua kinywa kusema herufi. Akiacha yote, wanawe watapigania mipaka hadi barazani, kama tunavyoshuhudia.

KUMNGOJA MFADHILI

Kisingizio cha pili ni mfadhili. Kwa miaka mingi tumezoea kuandika barua kwa taasisi za nchi za Ghuba. Baada ya mwaka 2001, wakati taasisi nyingi za misaada zilipowekewa vikwazo na nyingine zikafunga ofisi, tuliona wazi hatari ya kuuegemeza umma juu ya mkono wa mbali. Misikiti ilibaki na kuta zisizoezekwa, na walimu wakabaki na ahadi. Hata mfadhili anapokuja, hupenda kile kinachopigwa picha siku moja, nacho ni jengo. Hapendi kulipa uji wa Jumanne ya mwezi wa tano. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wapo pia miongoni mwetu waliokwisha kuona biashara hapo. Wamefungua chekechea za Kiingereza, zimepakwa rangi za kupendeza na kupewa majina ya Kiarabu, na ada yake haiwezi kulipwa na mpakia magunia hata akifunga mwaka mzima. Kufanya biashara ni halali. Kuiita biashara hiyo huduma kwa umma, na kuiombea michango siku ya Ijumaa, ni jambo ambalo waumini wana haki ya kulihoji.

KISINGIZIO CHA MWAKA 1968

Kisingizio cha tatu kitawaudhi baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi, lakini haki haimwogopi mtu. Tumeandika mara nyingi kwamba Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ile EAMWS iliyoanzishwa mwaka 1945 na iliyokuwa ikijenga shule, ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968, ikaundwa BAKWATA mwaka huo huo, na muda mfupi baadaye shule zikataifishwa. Historia hiyo haifai kusahauliwa na wala hatuisahau.

Lakini hebu tuulizane kwa ikhlasi. Ni amri gani ya mwaka 1968 iliyofunga kufuli la madrasa yetu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana? Ni waziri gani aliyetukataza kumpikia uji mtoto wa kibarua? Dhulma ya jana isipotufanya tujenge leo inageuka kuwa mto wa kulalia. Wenzetu Wakristo wa milima hii hawakungoja. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na shule ilifuatana na kanisa. Kule Ubiri masista wa Kikatoliki wameendesha chuo cha kuwaandaa walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Montessori. Hatuwaonei husuda, na wala hatusemi tuwapelekee watoto wetu imani zao. Tunasema kwamba waliona umuhimu wa miaka hii ya mwanzo wakaigharimia, nasi tuliona tukaandika malalamiko.

MOMBASA WALIFANYA NINI

Wala tusiseme jambo hili halijapata kufanywa na Waislamu. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao wanabaki nyuma katika shule, wakaomba msaada kwa Aga Khan. Likazaliwa wazo la kuitumia madrasa, mahali ambapo wazazi tayari wanapaamini, kufundishia watoto wadogo Qur'an pamoja na maandalizi ya shule. Bi Swafiya Said wa Mombasa alikuwa miongoni mwa walioianza kazi hiyo, akipita mtaa kwa mtaa, akikaa na akina mama, akiwafundisha mabinti wa mtaani kuwa walimu. Mpango ukaenea Zanzibar na Uganda, na vituo vikapita 200 katika nchi hizo tatu. Vifaa vya kufundishia vilikuwa vizibo, vifuu, mbegu na vipande vya mbao, vitu ambavyo Lukozi inavyo, na magunzi ya mahindi juu yake.

Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa vituo hivyo na wengine. Waliopita chekechea za madrasa walionyesha maendeleo makubwa zaidi ya kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na hata kuliko wa chekechea za kawaida.

Atasimama mtu aseme: ule ni mradi wa Ismailia, sisi hatuuhitaji. Ndugu yetu, hatukukuambia uchukue fedha zao wala itikadi zao. Tumekuambia utazame utaratibu wao. Jamii iliyotaka kituo ilitakiwa kwanza iunde kamati, itoe mahali, ichague walimu wake na ikubali kuchangia. Baadaye kituo kiliwekewa mtaji mdogo ili faida yake isaidie uendeshaji. Huo ni wakfu kwa jina jingine, na ni aibu kuufunza kwa wengine jambo lililotoka nyumbani kwetu. Na udhaifu wao pia ni somo. Vituo vingi vilitaabika pale michango ya wazazi ilipochelewa, mishahara ikawa midogo, na walimu waliofunzwa kwa shida wakaondoka kutafuta kazi nyingine. Kituo cha maskini kinachotegemea ada za maskini peke yake hakidumu. Ndiyo maana tunasisitiza shamba na kibanda kabla ya tofali.

MWALIMU NA DAFTARI LA HESABU

Mambo mawili yataua kazi hii hata fedha zikijaa. La kwanza ni kumdhulumu mwalimu. Tumezoea kumwambia ustaadhi, na zaidi ukhti, kwamba ujira wake uko kwa Allah. Ni kweli uko kwa Allah, lakini anayesema hivyo mwisho wa mwezi huenda kuchukua mshahara wake mwenyewe bila kuuachia Akhera. Mwalimu wa watoto wadogo ajifunze kazi yake. Mtoto wa miaka minne hafundishwi kwa bakora, wala haketishwi mkekani saa nne akikariri asichokielewa. Ajifunze kwa kucheza, kwa kuhesabu kokoto, kwa hadithi za Mitume, kwa Kishambaa kwanza na Kiswahili polepole. Na mwalimu aliyejua hayo alipwe tarehe moja, kama wanavyolipwa wengine.

La pili ni siri ya hesabu. Waumini hawakatai kutoa. Wamechoka kutoa wasijue. Kamati ibandike ukutani kila mwezi kilichoingia na kilichotoka, akina mama wawemo katika kamati kwa kuwa wao ndio wanaojua mtoto gani hakula, na wakfu uandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, si kwa jina la mwenyekiti. Ni viwanja vingapi vya misikiti vimerudi kwa warithi kwa sababu wakfu ulitamkwa kwa mdomo na shahidi akafa? Kituo nacho kifuate Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kisajiliwe kupitia Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, ili asije mtu kukifunga kwa sababu tuliyompa sisi wenyewe.

WITO

Enyi maimamu na makhatibu, tunakuombeni khutba moja tu, isiyohusu siasa za mbali. Semeni habari ya zaka ya mboga na ya fedha za mboga, msifiche nusu ya fatwa. Enyi wafanyabiashara wa soko, orodhesheni mali zenu kabla Malaika hajaziorodhesha. Enyi wenye mashamba ya bondeni, tokeni mmoja tu kati yenu, aweke kipande wakfu, na wengine watafuata. Enyi kamati, fungueni kufuli la madrasa Jumatatu asubuhi, hata kama mtaanza na watoto 15, sufuria moja ya uji na mwalimu mmoja. Msingoje ramani ya jengo.

Tutaulizwa siku ya Kiyama kuhusu mali, tuliichuma wapi na tuliitumia katika nini. Malori yaliyopita mbele ya misikiti yetu yatakuwa yamehesabiwa yote. Na mtoto aliyekaa nje ya mlango uliofungwa, akichezea tope ukutani mwa nyumba ya Allah, naye atakuwapo hapo kutoa ushahidi wake.

Ewe Mola wetu, tuwafikishe kutoa katika ulichoturuzuku, utulinde na ubakhili wa nafsi zetu, na uwajaalie watoto wa umma huu kuwa wacha Mungu na wenye elimu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.